Namna ya Kuchagua Kifaa cha Kufuatilia Mapigo ya Moyo Yasiyo na Mpangilio

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ni miongoni mwa visababishi vya kiharusi vinavyoweza kudhibitiwa endapo vitabainika mapema. Ugumu uliopo ni kwamba kwa wagonjwa wengi hali hiyo huja na kuondoka. Mtu huhisi moyo ukienda mbio usiku, asubuhi hufika hospitalini ukiwa umetulia, hupimwa, huelezwa kuwa hakuna kasoro iliyoonekana, kisha hurejea nyumbani. Wiki mbili baadaye hali ile ile hujirudia, na safari hii huenda ikamkuta akiwa shambani au safarini.

Kwa sababu hiyo, vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo kwa muda mrefu vimekuwa na nafasi kubwa katika uchunguzi wa magonjwa ya moyo. Baadhi hupatikana hospitalini pekee. Vingine huuzwa madukani na mitandaoni, zikiwemo saa janja ambazo baadhi ya wananchi huwanunulia wazazi wao kwa nia njema. Hata hivyo, si kila kifaa kinachoonesha mapigo ya moyo kinaweza kubaini ugonjwa, na kifaa kisicholingana na hali ya mgonjwa kinaweza kumtia hofu isiyo na msingi au, kwa hatari zaidi, kumpa matumaini yasiyo ya kweli.

Makala hii inaeleza aina za vifaa vilivyopo, uwezo na upungufu wa kila kimoja, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyazingatia kabla ya kutoa fedha zake.

Mpapatiko wa atria ni nini?

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu vinavyoitwa atria na viwili vya chini vinavyoitwa ventrikali. Kwa mtu mzima aliyepumzika, moyo hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kila pigo huanzishwa na msukumo mdogo wa umeme unaotoka katika chumba cha juu cha kulia, ukasambaa kwa utaratibu hadi vyumba vya chini, na moyo wote ukajikunja na kusukuma damu.

Katika ugonjwa huu, ambao wataalamu huuandika kwa kifupi AF, misukumo ya umeme katika atria hutokea bila utaratibu, zaidi ya mara 300 kwa dakika. Vyumba hivyo vya juu haviwezi kujikunja kwa kasi hiyo, hubaki vikipapatika. Ventrikali nazo hupokea sehemu tu ya misukumo hiyo, tena kwa vipindi visivyolingana. Matokeo yake mapigo huwa hayana mpangilio wowote: moja la haraka, jingine la kuchelewa, moja lenye nguvu, jingine hafifu.

Ugonjwa huu hugawanywa kulingana na muda wake. Upo unaokuja na kutoweka ndani ya siku saba, upo unaodumu zaidi ya siku saba, na upo uliokwisha kuwa wa kudumu. Mgawanyo huu una uzito mkubwa katika suala la vifaa, kwani ugonjwa wa kudumu huonekana kwa kipimo kimoja tu, wakati ule unaokuja na kuondoka huweza kukwepa vipimo vingi.

Kwa nini usipuuzwe?

Damu isiposukumwa vizuri kutoka katika atria hutuama, hasa kwenye mfuko mdogo uliopo katika atria ya kushoto. Damu iliyotuama huganda. Bonge la damu likichomoka husafiri na mkondo wa damu, na likifika katika mishipa ya ubongo huziba mmojawapo na kusababisha kiharusi. Mtu mwenye mpapatiko wa atria ana uwezekano wa kupata kiharusi unaokadiriwa kuwa mara tano ya ule wa mtu asiye nao, na kiharusi cha aina hii mara nyingi huwa kikubwa zaidi.

Habari njema ni kwamba kinga ipo. Dawa ya warfarin, ikitumika na kufuatiliwa ipasavyo, hupunguza viharusi kwa wagonjwa hawa kwa takribani theluthi mbili. Dawa mpya zaidi za kuzuia damu kuganda ziliingizwa katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Dawa hizo haziwezi kuanzishwa kwa kubahatisha kwa kuwa zinaweza kusababisha kuvuja kwa damu. Daktari anahitaji ushahidi, na ushahidi huo hutokana na kifaa kilichorekodi umeme wa moyo wakati tatizo likiendelea.

Ikumbukwe pia kwamba wapo wagonjwa wasiohisi chochote. Wengine huhisi moyo kwenda mbio, uchovu usioelezeka, kuishiwa pumzi wanapopanda ngazi, kizunguzungu au kifua kubana. Kwa baadhi yao, kiharusi huwa ndiyo dalili ya kwanza.

Nani yuko katika hatari zaidi?

Uwezekano wa kupata ugonjwa huu huongezeka kadiri umri unavyosonga. Barani Ulaya na Marekani, takribani mtu mmoja kati ya kumi wenye umri wa zaidi ya miaka 80 anao. Hapa nchini, utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, miongoni mwa wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi uliukuta kwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Idadi ya aina hiyo inapaswa kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa kipimo cha mara moja hakimnasi mtu ambaye mapigo yake huvurugika na kurejea katika hali ya kawaida.

Mbali na umri, walio katika hatari ni wenye shinikizo la juu la damu, kisukari, uzito uliokithiri, moyo kushindwa kusukuma damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na wanywaji wa pombe kupita kiasi.

Katika nchi zetu lipo kundi jingine lisilopaswa kusahaulika, nalo ni la vijana na watu wa umri wa kati ambao valvu zao za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyotokana na maambukizi ya koo utotoni. Kundi hili linaweza kupata mpapatiko wa atria mapema sana maishani, wakiwemo kinamama walio katika umri wa kuzaa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022, ambao ulihusisha pia wagonjwa wa Afrika, ulionesha kuwa kwa wagonjwa wa aina hii warfarin na dawa za jamii yake zilikuwa na matokeo bora kuliko dawa mpya ya rivaroxaban. Kwa hiyo mtu mwenye historia ya ugonjwa wa valvu hapaswi kuanza safari yake dukani. Anahitaji kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti na uangalizi wa daktari.

Hatua ya kwanza haigharimu chochote

Kabla ya kununua kifaa chochote, mwananchi anaweza kutumia vidole vyake. Kaa na upumzike kwa dakika tano. Weka kidole cha shahada na cha kati upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya shina la kidole gumba. Usitumie kidole gumba, kwani kina mapigo yake yenyewe. Hesabu mapigo kwa dakika nzima huku ukisikiliza mwendo wake.

Mapigo ya kawaida hufanana na mwendo wa saa ya ukutani. Pigo moja la ziada hapa na pale ni jambo linalotokea kwa watu wengi wenye afya. Lakini mapigo yakiwa hayatabiriki kabisa tangu mwanzo wa dakika hadi mwisho, muone mtaalamu wa afya siku hiyo au kesho yake, na uombe kupimwa umeme wa moyo. Miongozo ya Ulaya imependekeza watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi waangaliwe mapigo yao kila wanapofika katika kituo cha huduma kwa sababu nyingine. Ni kipimo cha dakika moja ambacho mgonjwa mwenyewe anaweza kukiomba.

Vifaa vinavyotolewa hospitalini

*Mashine ya ECG.* Hii ndiyo msingi wa uchunguzi. Elektrodi kumi hubandikwa kifuani, mikononi na miguuni, na mashine huchora picha 12 za umeme wa moyo kwa takribani sekunde kumi. Kazi ya kupima umeme wa moyo ilimpatia Mholanzi Willem Einthoven Tuzo ya Nobel ya mwaka 1924. Nguvu yake ni usahihi. Udhaifu wake ni kwamba huona sekunde kumi tu kati ya sekunde 86,400 za siku.

*Holter.* Ni kinasa kidogo kinachovaliwa kiunoni au shingoni kwa saa 24 hadi 48, na kwa baadhi ya aina hadi siku saba. Kilipewa jina la Norman Holter, mwanasayansi wa Marekani ambaye kifaa chake cha kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1940, kilikuwa na uzito wa takribani kilo 38 na kilibebwa mgongoni. Cha sasa hutosha kiganjani. Mgonjwa huendelea na shughuli zake na huandika katika daftari muda aliohisi dalili, ili daktari alinganishe maandishi hayo na kumbukumbu za mashine.

*Plasta ya kifuani.* Hubandikwa upande wa kushoto wa kifua na kurekodi mfululizo hadi siku 14. Haina nyaya, hivyo mgonjwa hulala na kufanya kazi kwa uhuru zaidi. Jasho jingi na joto la Pwani vinaweza kulegeza gundi yake. Muulize mtoa huduma namna ya kuitunza.

*Kinasa matukio.* Mgonjwa hukaa nacho kwa takribani mwezi mmoja. Anapohisi dalili hubonyeza kitufe, nacho huhifadhi mapigo ya wakati huo. Humfaa mtu ambaye dalili zake hudumu muda wa kutosha kubonyeza kitufe na asiyepoteza fahamu.

*Kinasa kinachowekwa chini ya ngozi.* Ni kifaa kidogo kinachopachikwa kifuani kwa upasuaji mdogo na hudumu miaka mitatu au zaidi. Hutumika zaidi kwa wanaozimia bila sababu kujulikana na waliopata kiharusi kisichopatiwa chanzo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwa wagonjwa wa kiharusi cha aina hiyo, kifaa hiki kilibaini mpapatiko wa atria kwa asilimia 12.4 ya wagonjwa ndani ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 2.0 kwa waliofuatiliwa kwa njia za kawaida.

Mgonjwa ambaye tayari amewekewa betri ya moyo aelewe kuwa betri hiyo, hasa ikiwa na waya katika atria, inaweza kuwa na kumbukumbu za mapigo yake. Asinunue kifaa kingine kabla ya kumuuliza daktari anayeikagua.

Vifaa vya kutumia nyumbani

Vifaa vya nyumbani hugawanyika katika makundi mawili yasiyopaswa kuchanganywa: vinavyopima umeme wa moyo na vinavyokisia mwendo wa moyo kutokana na mapigo ya damu.

Kundi la kwanza ni vile vya ECG vya mkononi. Mtumiaji huweka vidole vya mikono yote miwili juu ya elektrodi kwa sekunde 30, na mchoro huonekana kwenye simu janja. Mchoro huo unaweza kuhifadhiwa na kupelekwa kwa daktari. Baadhi ya saa janja nazo zina uwezo huu: mtumiaji hugusa saa kwa kidole cha mkono wa pili na kutulia kwa nusu dakika. Umuhimu wa sekunde 30 ni kwamba miongozo ya kimataifa inakubali mchoro wa urefu huo, hata ukiwa wa mstari mmoja, kuwa ushahidi wa ugonjwa, mradi uthibitishwe na daktari mwenye ujuzi wa kuusoma.

Kundi la pili ni saa na bangili zinazomulika mwanga, aghalabu wa kijani, kwenye ngozi ili kuhisi damu inavyopita. Hizi hazipimi umeme wa moyo. Zina faida ya kuangalia mara kwa mara bila mvaaji kufanya lolote, lakini mtikisiko wa mkono, mkanda uliolegea, baridi na michoro ya ngozi huvuruga usomaji. Taarifa yake ichukuliwe kama onyo la kwenda kupimwa ECG, si kama jibu la mwisho.

Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa kutumia saa za Apple, na kuchapishwa mwaka 2019, unasaidia kuelewa jambo hili. Kati ya watu 419,297 walioshiriki, asilimia 0.52 tu walipata taarifa ya mapigo yasiyo ya kawaida. Miongoni mwa waliopata taarifa hiyo, wakavaa plasta ya kifuani na kuirejesha, asilimia 34 walibainika kuwa na mpapatiko wa atria. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na ukweli kwamba plasta ilivaliwa siku kadhaa baada ya tukio, na mapigo yanayokuja na kuondoka huenda yalikuwa yamekwisha kutulia. Aidha, wengi wa washiriki walikuwa vijana na watu wa umri wa kati, ilhali wanaohitaji zaidi uchunguzi huu ni wazee.

Zipo pia mashine za kupimia shinikizo la damu zenye uwezo wa kutambua mpapatiko wa atria. Mwaka 2013 taasisi ya Uingereza inayotathmini teknolojia za afya, NICE, ilipendekeza mashine mojawapo ya aina hiyo itumike katika huduma za msingi. Kwa familia yenye mzee mwenye shinikizo la damu, kifaa cha namna hii kinaweza kufanya kazi mbili kwa gharama moja. Tahadhari ni kwamba mashine nyingi huonesha alama ya moyo pale mapigo yanapotofautiana, na alama hiyo pekee haimaanishi kuwa mashine imethibitishwa kubaini ugonjwa huu. Soma maelezo ya mtengenezaji. Vilevile, mtu mwenye mpapatiko wa atria apime shinikizo lake mara tatu na kuchukua wastani, kwa kuwa namba hubadilika kati ya pigo na pigo.

Vifaa vya kubana kidole kwa ajili ya kupima oksijeni, pamoja na programu za simu zinazotumia kamera, si mbadala wa ECG.

Linganisha kifaa na dalili

Kanuni muhimu kuliko zote ni kwamba muda wa kufuatilia ulingane na jinsi dalili zinavyojirudia.

Dalili zikitokea kila siku, Holter ya saa 24 au 48 hutosha. Zikitokea mara moja kwa wiki, plasta ya siku 7 hadi 14 ni bora zaidi. Zikitokea mara moja kwa mwezi, kinasa matukio au ECG ya mkononi inayokaa mfukoni au kwenye mkoba hutoa nafasi kubwa ya kunasa tukio. Zikitokea mara chache kwa mwaka na kuambatana na kuzimia, au endapo mgonjwa amepata kiharusi kisichojulikana chanzo, daktari anaweza kushauri kinasa cha chini ya ngozi.

Kwa mtu asiye na dalili lakini mwenye umri mkubwa, njia mojawapo iliyofanyiwa utafiti nchini Sweden ni kujipima kwa ECG ya mkononi mara mbili kwa siku kwa siku 14. Utafiti huo, uliohusisha watu wa miaka 75 na 76, ulionesha manufaa madogo kwa jumla. Hata hivyo, wataalamu hawajafikia muafaka kuhusu uchunguzi wa aina hii: mwaka 2022 jopo la kitaifa la kinga nchini Marekani lilisema ushahidi uliopo hautoshi kuupendekeza kwa watu wote wasio na dalili. Kwa hiyo familia isijione imemkosea mzee wake kwa kutomnunulia saa. Kumpima shinikizo la damu, kuhakikisha anatumia dawa zake na kumshika mkono kuhesabu mapigo ni hatua zenye thamani isiyopungua.

Mgonjwa aliyekwisha kubainika naye ana mahitaji tofauti. Kwake kifaa hutumika kuangalia kasi ya moyo akiwa kwenye dawa, au kama tatizo limerejea baada ya tiba. Baadhi ya vipengele vya saa janja vya kutoa onyo havikukusudiwa kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa huu. Maelezo ya mtengenezaji huliweka wazi jambo hilo.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

1. *Usajili.* Vifaa tiba Tanzania Bara husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kwa upande wa Zanzibar na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Muulize muuzaji kama kifaa kimesajiliwa, kisha jiridhishe mwenyewe kwa mamlaka husika. Saa inayouzwa kama pambo au kifaa cha mazoezi si lazima iwe kifaa tiba.

2. *Aina ya kipimo.* Uliza swali moja la wazi: je, kifaa hiki hurekodi ECG, au huhesabu mapigo tu? Muuzaji asipoweza kujibu, usinunue.

3. *Mchoro wa kumpelekea daktari.* Kifaa kinachotoa maneno pekee, kama vile "kawaida" au "si kawaida", kina thamani ndogo kuliko kinachohifadhi mchoro.

4. *Upatikanaji wa huduma nchini.* Baadhi ya vipengele vya ECG hufunguliwa tu katika nchi ambako vimeidhinishwa. Saa iliyoletwa na ndugu kutoka nje inaweza kukosa kipengele hicho inapotumika hapa. Hakikisha kabla ya kuagiza.

5. *Gharama zilizojificha.* Uliza kama programu inatoza ada ya kila mwezi, kama inahitaji simu ya toleo jipya, na kama inahitaji kifurushi cha intaneti kila unapopima.

6. *Umeme na betri.* Saa inayohitaji kuchajiwa kila siku inaweza isifae pale umeme unapokatika mara kwa mara. Kifaa cha mkononi kinachotumia betri ndogo inayodumu miezi mingi kinaweza kuwa chaguo bora.

7. *Uwezo wa mtumiaji.* Mzee mwenye mikono inayotetemeka au macho hafifu huenda asiweze kugusa kioo kidogo cha saa. Mjaribishe kabla ya kulipa.

8. *Faragha.* Taarifa za afya ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Fahamu taarifa zako zinahifadhiwa wapi, na usitume mchoro wako katika makundi ya mitandao ya kijamii kutafuta tafsiri.

9. *Bima.* Kabla ya kununua kwa fedha taslimu, iulize skimu yako ya bima ni vipimo vipi inavigharamia. Huenda Holter iliyoandikwa na daktari ikakugharimu kidogo kuliko saa ya dukani, na ikatoa jibu la uhakika zaidi.

Namna ya kupata mchoro unaosomeka

Kaa kwenye kiti chenye egemeo, pumzika dakika tano na uweke mikono mezani. Vidole viwe safi na visiwe vikavu sana. Unyevu kidogo wa maji husaidia. Usizungumze wala kusogea kwa sekunde zote 30. Kaa mbali na vifaa vya umeme vinavyochajiwa. Kisha andika tarehe, saa, ulichokuwa ukifanya na ulivyojisikia. Mchoro wenye maelezo hayo humsaidia daktari kuliko michoro hamsini isiyo na maelezo.

Kifaa kikieleza kuwa kimeshindwa kutambua, si lazima iwe ishara ya ugonjwa. Vifaa vingi hushindwa kutoa jibu pale moyo unapokwenda polepole sana au kwa kasi kubwa, au mkono unapotikisika. Rudia baada ya dakika chache. Mapigo ya ziada yasiyo na madhara nayo yanaweza kukidanganya kifaa.

Baada ya kifaa kutoa onyo

Onyo la kifaa si utambuzi wa ugonjwa. Peleka mchoro katika kituo cha afya au hospitali yenye mashine ya ECG. Pale inapohitajika, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, ya kanda, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam, ambako hutolewa pia matibabu ya mfumo wa umeme wa moyo.

Daktari hataangalia mchoro peke yake. Ataangalia umri, shinikizo la damu, kisukari, historia ya kiharusi na hali ya valvu, ndipo aamue kama dawa ya kuzuia damu kuganda inahitajika. Hata vipindi vifupi vinavyonaswa na vifaa vilivyowekwa mwilini haviongozi moja kwa moja kwenye dawa: tafiti mbili kubwa zilizotolewa mwaka 2023 zilionesha kuwa kwa wagonjwa wa namna hiyo dawa huongeza uvujaji wa damu, na manufaa yake katika kuzuia kiharusi si makubwa kwa kila mtu.

Jambo la kukumbukwa zaidi ni hili: mgonjwa asiache dawa ya kuzuia damu kuganda kwa sababu saa yake imeonesha mapigo ya kawaida. Hatari ya kiharusi haiondoki siku moyo unapotulia. Vilevile asianze kumeza asprini kwa hiari yake akidhani ni kinga ya kutosha. Kwa ugonjwa huu asprini si mbadala wa dawa hizo.

Usisubiri kifaa

Hakuna saa wala kifaa cha mkononi cha nyumbani kinachopaswa kutegemewa kubaini shambulio la moyo. Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi ghafla au kuzimia ni dharura, hata kama kifaa kinasema mapigo ni ya kawaida.

Uso ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukilegea ghafla, au maneno yakivurugika, huenda ni kiharusi. Mpeleke mgonjwa hospitalini bila kuchelewa na ukumbuke saa dalili zilipoanza, kwa kuwa madaktari wataiuliza. Asipewe chakula, kinywaji wala asprini, kwani huenda kiharusi hicho kimetokana na mshipa uliopasuka.

Kwa ujumla, kifaa bora ni kile kinacholingana na dalili za mgonjwa, anachoweza kukitumia mwenyewe, na ambacho mchoro wake utafika mikononi mwa mtaalamu. Wananchi wanashauriwa kuanza na vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, kisha kituo cha afya kilicho karibu, na dukani iwe hatua ya mwisho baada ya ushauri wa daktari.